Mti Uliokatwa Kabla Mchungaji Hajafika

Amefariki yule mzee wa milimani Rubya ambaye baadhi yenu mliwahi kuniuliza kama akili zake ziko sawa, nilipowaandikia kuwa anakuza miti ya msituni ndani ya vyungu vidogo. Zilikuwa sawa kuliko zetu. Nimerudi kutoka mazishini na hasira, na leo siifichi.

Kazi yake ilikuwa bonsai, miti inayolelewa chunguni ibaki midogo, na kipenzi chake kilikuwa mepo, mti wa nchi za baridi wenye majani kama kiganja. Alipokuwa akiishi Kagondo, joto liliuunguza majani, akauhamishia Rubya na kuupanda ardhini uwe mama wa miche, kwenye kibanja cha baba yake, yaani shamba la migomba. Huko nako, kila kiangazi aliupukutisha majani yote kwa mkono. Nilimcheka kwamba anaunyonyoa kama kuku. "Waitu, huku hakuna baridi ya kuuambia mti ulale," akanijibu. "Lazima uulaze mwenyewe." Alipotaka mche, alichagua tawi nene, akalimenya gome kuzunguka pande zote, akalifunika hapo kwa majani ya mgomba yaliyooza, yakiwa na unyevu, kisha akafunga nailoni. Tawi hutoa mizizi likiwa bado juu ya mama yake. Ukiiona imejaa ndani ya nailoni, ndipo unalikata na kulipanda. Safari hii tawi moja lilikuwa la mke wake, ambaye baada ya kuimwagilia miti ya mumewe miaka yote hiyo aliomba naye awe na wake. Mzee akafa kabla ya kulikata.

Ikaja kamati ya mazishi. Mjane alikuwa ndani, amekaa kwenye nyasi zilizotandazwa sakafuni na wanawake wenzake kama ilivyo desturi yetu, na wanaume wakasafisha uwanja. Mwenyekiti akaziona nailoni zinaning'inia. "Mawe!" akamaka kwa Kihaya. "Mchungaji akikuta hirizi hizi, atasema nini juu ya familia ya Kilutheri?" Wakaukata mepo shinani, matawi wakayatia jikoni yaivishe ndizi za waombolezaji. Mchungaji alipofika, neno lake la kwanza baada ya pole lilikuwa kuulizia ule mti, maana marehemu alikuwa ameanza kumfundisha kazi hiyo. Mwenyekiti akageukia kupanga viti.

Niliokota kifungu kimoja pembeni ya mafiga. Nailoni ilikuwa imeyeyuka upande mmoja, na ndani mizizi imejaa, myeupe, mingine imeshababuka. Nikampelekea mjane. Akakipangusa majivu. "Ilikuwa tayari, tata," akasema. "Mngeniuliza tu."

Tunajisifu kwamba msibani kwetu mikono haikosekani, na ni kweli. Lakini ni mikono inayoogopa macho ya wageni kuliko machozi ya mwenye nyumba. Tumekata mangapi kwa kuhofia watu watasema nini, kisha tukaita heshima? Nasikia mjane amekipanda kile kifungu na anakimwagilia kila asubuhi, ingawa hakijachipua. Basi wanakamati, nyote mnaonoa mapanga kwa ajili ya msiba ujao, sikilizeni: aliyekufa ni mmoja. Mwenye kibanja mwingine yuko ndani, amekaa kwenye nyasi, anasikia mnavyokata. Muulizeni.