Sahani ya Masanja

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, babu yetu alikataa kula. Alikuwa amevuka kwa kivuko cha Kigongo asubuhi ile, akitoka kwake Sengerema kuja kutusalimia Butimba. Nilishapiga magoti kumnawisha mikono. Akatazama sinia la ugali, akatazama waliokaa, akauliza, "Masanja yuko wapi?"

Masanja ndiye baba yako. Wakati huo alikuwa amemaliza shule juzijuzi tu, kijana mrefu mwenye haya. Mimi ni dada yake, namjua, hatakusimulia haya mwenyewe.

Mama akajibu harakaharaka kwamba atakula akirudi, sahani yake imefunikwa jikoni. Babu akakunja uso. Kijijini kwake wanaume na vijana walikula pamoja kila jioni kwenye shikome, moto wa uani. Hapo kijana huwasikia wazee, na wazee humsikia yeye. Sisi wa mjini tulikuwa na meza, nayo haikuwa na watu. Kiwanda cha nguo kilikuwa kimempunguza baba kazini, na tangu hapo alishinda chumbani kwa aibu. Mama ndiye aliyelisha nyumba kwa kukaanga mapanki, yale mabaki ya sangara kutoka viwanda vya minofu. Kila mtu alikula kwa saa yake. Hatukugombana hata kidogo, tukadhani hiyo ndiyo amani.

"Jana alilala hapa?" Babu akauliza.

Mama akaanza kuvutavuta pindo la kanga. Ile sahani ilikuwa ya jana.

"Basi rafiki zake ni akina nani? Twende tukawaulize."

Baba hakujua jina hata moja. Mama hakujua. Mimi nilijua tu kwamba wanakaa kijiweni karibu na banda la video, na kofia zao nilizijua. Siku hizo vijana wengi walikuwa wakikimbilia visiwani kuvua sangara, na si wote waliorudi.

Babu akainuka na njaa yake, nami nikamfuata. Pale kijiweni wale vijana tuliowaita wahuni wakasimama wote. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?" Akamuuliza mmoja mmoja, na kwao ni wapi, bila haraka, wakati mimi nataka kulia. Mwishowe mmoja akasema, "Masanja yuko mwaloni, babu. Mtumbwi unaondoka alasiri hii. Sisi tulimwambia aage kwanza."

"Akasemaje?"

Kijana akainamisha kichwa. "Alisema nyumbani watagundua siku sahani zitakapowaishia jikoni."

Nilikimbia kumwambia baba maneno hayohayo, sikupunguza kitu. Akavaa viatu alivyokuwa hajavigusa tangu apunguzwe kiwandani. Mwaloni, pale ufukweni pa wavuvi, tukakuta nyavu bado zinapakiwa, na Masanja ameshika kasia. Baba hakufoka.

"Babu yako hajala," akasema. "Na mimi sijala. Tunakusubiri."

Masanja akalia mbele ya wavuvi wote. Tuliporudi, tukamkuta Babu amewaleta wale vijana wa kijiweni, wamejaa sebuleni, na mama anasonga ugali mwingine.

Mwanangu, huko chuoni mnafundishwa kwamba familia ndiyo shule ya kwanza ya mtu, halafu rika lake, halafu jamii. Ni kweli kabisa. Ila usisahau kwamba familia inaweza kuvunjika kimyakimya, hata sufuria lisidondoke. Kwa hiyo walete rafiki zako hapa tuwajue kwa majina, na tujue wametoka kwa nani. Ukiwa na jambo moyoni, liseme kabla hujafunga begi. Na ukimwona mzazi wako amejifungia, mgongee mlango, maana wazazi nao huona aibu.

Nasema haya kwa sababu naogopa. Baba yako haongei tangu duka lake lifungwe, na leo asubuhi nimeikuta sahani yako jikoni, imefunikwa, ya jana.

Mungu akutunze, akupe marafiki watakaokwambia uage kwanza, na wazee watakaokufuata hadi mwaloni. Haya, kamwite baba yako. Maji ya kunawa haya hapa, na mimi sili mpaka mje.