Mwalimu Pu na Ubao wa Macho

Pu Huiru alikuwa na miaka sabini na miwili, na tangu mumewe afariki hakuna mtu aliyemwamuru kitu. Hilo alilipenda kupita kiasi. Kwa miaka thelathini alikuwa akisahihisha kurasa za gazeti moja la Chengdu kabla hazijaenda mtamboni, ndiyo maana kila mtu alimwita Mwalimu. Alipostaafu, akajipa kazi nyingine: kila asubuhi aliketi kwenye kiti cha mianzi katika mgahawa wa chai wa bustanini, akiwasomea wenzake gazeti kwa sauti huku wakibangua mbegu za alizeti. Wengi wao walijua kusoma vizuri tu. Walimfuata yeye kwa sababu habari ikimuudhi aliichambua bila huruma.

Siri yake ni kwamba macho yalikuwa yamekwisha. Ukungu ulianzia jicho la kushoto, ukahamia la kulia, naye akanyamaza. Binti yake Nianci, aliyefanya kazi mji wa mbali wa Shenzhen, alishasema wazi kwamba siku mama akishindwa kujitunza, nyumba inafungwa na wanahamia huko. Shenzhen, ghorofa ya ishirini na sita, hakuna mgahawa wala mtu wa kubishana naye. Mwalimu Pu aliona bora ukungu.

Na kwenye kusoma, gazeti likiwa karibu na uso, ukungu haukumsumbua sana. Mtoto wa shule huihesabu herufi ya Kichina kistari kwa kistari, lakini msomaji mkongwe hana muda huo. Anaiona nzima, kwa umbo lake, kama unavyomtambua jirani yako angali mbali kwa jinsi anavyotupa mabega. Hata ikibaki doa, herufi zilizo kando yake zinatosha kumwambia ni ipi.

Aliyemshuku ni Gou, kinyozi mstaafu asiyejua kufunga mdomo.

"Mwalimu, jana ulilisalimia koti langu."

"Lina adabu kuliko mwenyewe."

Gou akachukua kipande cha kadibodi, akafunika nusu ya chini ya mstari mzima wa gazeti. "Haya, soma." Mwalimu akasoma bila kukwama. Gou akafunika nusu ya juu. Hapo Mwalimu akapunguza mwendo, kama ambavyo yeyote angepunguza, lakini akafika mwisho wa mstari.

"Nikikufunika kuanzia kidevu kwenda chini, Gou, bado nakujua," alisema. "Nikikufunika kichwa nabaki na kitambi, na vitambi humu ni vingi."

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Gou alikwenda zake, kisha akampigia simu Nianci.

Jumamosi Nianci alikuja kwa ndege akampeleka mama yake kliniki ya macho. Mwalimu Pu aliingia kama mkaguzi. Alipopewa fomu aliisoma kwa sauti, jina, jinsia, umri, anwani, maana fomu zote ni hizohizo. Nianci akaanza kumlaani Gou moyoni. Kisha muuguzi akawasha taa ya ubao.

Ubaoni, mwisho wa chumba, hapakuwa na herufi hata moja ya Kichina. Kulikuwa na alama moja tu, kama kitana cha meno matatu, imegeuzwa juu, chini, kushoto na kulia, safu kwa safu, ikizidi kuwa ndogo.

"Hapo pameandikwa nini?"

"Hapajaandikwa kitu, bibi. Nionyeshe tu kwa mkono meno yameelekea wapi."

"Kabla yake kuna nini?"

"Kitana kingine."

"Na baada yake?"

"Kitana, bibi."

Ujuzi wa miaka thelathini haukumfaa chochote. Alibahatisha juu, akabahatisha kushoto. Muuguzi alipanda safu kwa safu mpaka kwenye alama kubwa kuliko zote, pana kama kisosi, na hiyo pia akaikosa.

Kwenye korido Nianci aliuliza, "Tangu lini, mama?"

"Mwaka juzi."

"Na barabara unavukaje?"

"Nawafuata wanaovuka."

"Basi tunahama."

Mwalimu Pu hakuwa mtu wa kuomba, lakini siku hiyo aliomba. "Wanitoe ukungu kwanza. Nikiona, niache nibaki kwangu." Nianci akakubali.

Upasuaji wa mtoto wa jicho ulianza na jicho la kulia. Siku ya pili bandeji ikafunguliwa, Gou naye yupo, amebeba machungwa ya kuombea msamaha. Juu, kulia, kulia, chini: Mwalimu Pu aliteremka ubao mzima bila kukosa.

"Umeshinda, Mwalimu," Gou alisema. "Kiti chako kipo."

Mwalimu Pu akamgeukia binti yake ili amringie, akakuta mtu mwingine. Kwa miaka miwili alikuwa akimwona Nianci kwa umbo na mwendo tu, sura akijijazia mwenyewe kutoka kichwani, ya msichana mwenye mashavu. Mwanamke aliyesimama pale alikuwa na mvi zilizozunguka paji lote, mashavu yameingia ndani, macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Hizi mvi za lini?"

"Za siku nyingi, mama. Kazi tu."

"Na nani anakupikia?"

Nianci alitabasamu, akatazama dirishani.

Mwalimu Pu akamwambia Gou, "Gazeti utawasomea wewe. Usiwarukie mistari." Kisha akamshika binti yake mkono. "Kata tiketi mbili za Shenzhen."