Jino Lililong'oka Kumbini

Keti unisikilize, ndugu msomaji, nikueleze polepole. Jambo lenyewe si gumu. Enzi za Mwingereza nilikuwa mkalimani wa mahakama Lindi. Kijana mmoja wa Kiswere alikuwa amepatikana na hatia ya kumchoma mtu kisu ngomani hadi akafa. Ikabaki adhabu. Aliyetimiza miaka kumi na minane alinyongwa. Asiyetimiza alifungwa tu. Na cheti cha kuzaliwa hakikuwapo.

Kwetu umri ulijulikana kwa kumbi la jando, na wengi waliingia wakiwa na miaka kumi hivi. Serikali ikamleta mwenzake wa kumbini, mwanamume mwenye mke na watoto wawili.

"Tuliingia pamoja, huu mwaka wa kumi," akasema. "Huyu rika langu."

Akatolewa nje. Jaji akashika kalamu.

Mama wa kijana akainuka. "Bwana jaji, huyu alimfuata kaka yake tu, ili karamu iwe moja. Alikuwa mdogo mno. Jino lake la kwanza lilimng'okea huko kumbini."

Nilitafsiri, lakini sikumwamini. Mwanamke hakanyagi kumbini. Ya jino aliyajuaje? Tena kabla ya kusema alimtupia jicho shemeji yake aliyesimama mlangoni. Nikahisi kafundishwa. Mzee wa baraza aliyekaa karibu nami akaninong'oneza, "Tangu nianze kuja hapa sijaona mama mwenye mtoto wa miaka kumi na minane."

Hata hivyo, shahidi naye nilimshuku, maana alikuwa binamu wa marehemu. Ila yeye alikuwa nje, hakusikia habari ya jino. Nikamwomba jaji arudishwe, aulizwe swali moja: kumbini walimwitaje mshitakiwa?

Shahidi akacheka. "Kibogoyo, bwana. Jino lilimtoka, akalia anamtaka mama yake. Mlezi wetu akalifunga kitambaani, akalipeleka kwao likarushwe juu ya paa."

Jaji akaandika: jino la kwanza hung'oka mtoto akiwa na miaka sita au saba; ukiongeza kumi, hajatimiza kumi na minane.

Kijana alifungwa miaka mingi, lakini hakunyongwa. Pale barazani mama yake alinisimamisha.

"Ulinidhania mwongo, baba."

"Ndiyo, mama."

"Ningekuwa wewe, hata mimi ningejidhania."

Basi nawe, siku ukitakiwa kukadiria umri wa mtu, usiulize aliingia jando na nani. Uliza alikuwa na meno gani, na umuulize yule asiyejua kwa nini unauliza.