Barafu ya Peris, Maji ya Moto ya Mama Léocadie

Saa tatu asubuhi ya Jumamosi, Peris Nekesa amepiga magoti pembeni mwa uwanja wa mpira huko Barking, mashariki mwa London, anahesabu vilivyomo begini. Bendeji sita. Mkasi. Glavu. Mifuko minne ya barafu aliyoizungushia magazeti isiyeyuke mapema. Akimaliza anaanza upya, na mwandishi anapomtazama anacheka kwa aibu.

Ana sababu ya kutotulia. Mita chache kutoka alipo amesimama mwalimu wake, Nasim, kalamu mkononi. Leo ni mara yake ya tatu na ya mwisho kuja kumtazama Peris akihudumia majeruhi. Peris akifaulu, Septemba hii ya 2006 ataingia mwaka wa tatu wa chuo kikuu kusomea tiba ya michezo. Asipofaulu, nafasi aliyowekewa anapewa mwingine.

Mara mbili za kwanza hakuumia hata mchezaji mmoja.

"Nilikuwa namwomba Mungu awalinde hawa vijana," anasema. "Halafu naona aibu, kwa sababu nusu ya moyo ilikuwa inaomba mmoja ateguke kidogo tu."

Peris ana miaka 34, ni mzaliwa wa Kitale, mama wa watoto wawili. Siku tano za wiki anaogesha na kuvisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, kwa pauni sita kwa saa. Akitoka huko anakimbilia darasani, katika chuo cha miaka miwili ambacho wengi hukipitia kabla ya kuhamia chuo kikuu. Jumamosi ni ya timu hii ya kanisa la Wakongo. Hawamlipi, ila wanampa saa za mazoezi anazodaiwa na chuo, na wali mwingi baada ya mechi.

Alama anayoihangaikia leo aliipoteza mwaka jana. Katika mtihani wa vitendo, mwanafunzi mwenzake alijifanya ndiyo kwanza ameteguka kifundo cha mguu. Mezani kulikuwa na barafu, na taulo lililotiwa moto.

"Mikono ilienda yenyewe," anasimulia Peris. "Nilikamata taulo hata kabla mwalimu hajamaliza kuongea. Si unajua kwetu? Mtu akiteguka unauliza kama maji yamechemka. Huulizi kitu kingine."

Alianguka mtihani. Jioni ile alilia ndani ya basi mpaka akapitiliza kituo chake.

Ukimjua mama yake, hutamlaumu. Bi Sesilia alikuwa mkandaji wa mtaa mzima kule Kitale. Aliyeanguka mtini, aliyepigwa teke na ng'ombe, wote walipelekwa kwake, naye Peris tangu akiwa na miaka saba ndiye aliyemshikia karai la maji ya moto na chumvi. Chuoni ndipo alipojifunza kwamba jeraha bichi likikandwa kwa moto, damu huzidi kuvuja ndani na uvimbe hukua. Siku mbili tatu za mwanzo ni za barafu. Moto huja baadaye.

Dakika ya sitini, Plamedi, beki wa kulia mwenye miaka kumi na tisa, anaruka kuwania mpira, anatua vibaya na kubaki chini ameshika mguu. Refa anapuliza filimbi. Peris anakimbia na begi lake.

Lakini kuna aliyemtangulia. Mama Léocadie, mama mzazi wa Plamedi, haji mechi bila chupa ya chai, na chupa hiyo haijawahi kuwa na chai. Ina maji ya moto na chumvi. Taulo liko begani tayari. Peris anapofika, mama ameshapiga magoti na anafungua kifuniko.

Plamedi anamwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba anamtia aibu. Mama anamjibu kwa Kiswahili cha Bukavu kwamba anyamaze.

Peris anabonyeza mfupa taratibu, anauliza wapi panauma, anaridhika kwamba haujavunjika. Kisha anatoa barafu.

"Barafu ni ya samaki," anasema Mama Léocadie. "Mi njo nilimuzaa huyu. Mguu yake najua."

Nasim amesogea karibu. Kitabu kinasema watu waondolewe karibu na majeruhi, na Peris anakijua kitabu. Baadaye anakiri kwamba ulimi ulimkatalia. Kumfukuza mama yule, anasema, ilikuwa kama kumfukuza Bi Sesilia kwenye karai lake.

Basi hamfukuzi. Anamshika mkono.

"Mama, naomba mikono yako," anamwambia. "Nishikie huu mguu uwe juu, usishuke hata kidogo. Maji yako tutayatumia Jumanne, nyumbani kwako, mimi na wewe."

"Jumanne ya kweli?"

"Jumanne saa kumi na moja, nikitoka kazini."

Mama Léocadie anaangalia chupa, anamwangalia mwanawe, kisha anafunga kifuniko. Plamedi anabebwa hadi pembeni, na kwa dakika ishirini mama anaushika ule mguu juu kama aliyepewa kazi ya serikali, huku akimfokea kila anayepita karibu. Peris anafunga barafu na bendeji. Bendeji imekaa sawasawa.

Nasim anamaliza kuandika, anamwonyesha Peris karatasi. Amefaulu. Mwalimu anasema fomu haina mahali pa kumwandika mama wa majeruhi, kwa hiyo amemwandika pembeni, na alama ameongeza kwa ajili yake. Peris anakaa chini kwenye nyasi zilizolowa, analia, safari hii bila basi la kumpitiliza kituo.

Jumanne, simu yake inalia saa kumi. Maji yameshachemka, anaambiwa, na yeye yuko wapi?

Anafika saa kumi na moja kasoro, bado na sare ya kazini. Anaupima mguu wa Plamedi. Uvimbe umeshuka. Anamgeukia mama na kumwambia sasa anaweza. Kisha, bila kuambiwa na mtu, anachukua karai na kumshikia.

Mama Léocadie anakanda, anauliza Peris atafanya nini akimaliza hicho chuo kikuu. Peris anasema anataka kufungua chumba cha tiba hapa hapa Barking, upande mmoja friji ya barafu, upande wa pili jiko la maji.

"Na kwenye jiko utaweka nani?"

"Wewe, Mama."

Mama anakamua taulo, hainui macho.

"Basi soma mbio," anasema. "Mi nazeeka."