Mlango wa Moto na Geti la Mtoni

Mimi sikupelekwa ng'ambo na mtu. Hakuna wizara iliyonilipia tiketi, hakuna ndugu mwenye cheo aliyenipigia simu, hakuna shehe wala padri aliyeniombea nafasi. Niliondoka mwenyewe, nikafagia madarasa ya watu mchana na kukaa ndani ya madarasa hayohayo jioni, nikapata diploma yangu ya uchomeleaji na mitambo ya utupu, kisha nikarudi Temeke mwenyewe, na mabegi mawili na viatu vya ngozi ambavyo mafundi viatu wa mtaani walikuwa wakiviinamia kuvitazama kabla hawajanisalimia. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani.

Kazi niliyoiacha kule ilikuwa ya kulinda mlango. Upande mmoja kulikuwa na pipa kubwa la chuma, hewa yake yote imenyonywa na pampu, ndani hamna hata pumzi. Upande wa pili tulikuwa sisi, na hewa yetu, na kahawa yetu. Katikati palikuwa na tundu jembamba kama penseli, na ndani ya tundu hilo uliwaka moto wa umeme katika gesi, mkali kuliko tanuri lolote, wa rangi ya zambarau, umebanwa na sumaku ili usiguse kuta. Wenyewe wanauita plazma. Gesi ikipata joto la namna ile inakuwa kama uji mzito kwenye mrija wa soda, na hewa ya nje ikijaribu kupenya inakwama. Lakini mwali wa elektroni uliotoka ndani ya utupu ulipita katikati ya moto huo ukaja kwetu kuchomelea chuma. Basi ukawa mlango usio na ubao, usio na kioo, usio na kitasa, unaoruhusu kimoja na kukatalia kingine. Waliobuni ni maprofesa. Mimi niliangalia maji ya kupozea, pampu na geji. Lakini waulizwe hao maprofesa, siku nisipokuwepo mlango ulisimama?

Mji niliourudia ulikuwa umefunguliwa kila upande. Mitumba ilimwagwa barabarani, magari ya Japani yaliteremka bandarini yakiwa bado na vibandiko visivyosomeka, na kila kijana aliyewahi kuvuka maji alikuwa mfanyabiashara. Neno hilo lilitosha. Ukisema wewe ni mfanyabiashara hakuna aliyekuuliza unauza nini, na waliokuwa wanauza unga wa kulevya walilipenda neno hilo kuliko wote. Mimi peke yangu, kwa kiburi cha haki, niliendelea kusema ukweli. Mtaani wakaanza kunitazama kwa wasiwasi.

Binti niliyemtaka alikuwa fundi wa mapazia, anashonea barazani kwa baba yake Mtoni. Nilikwenda kuagiza mapazia ya nyumba ya mama yangu, na katika kupimiana madirisha nikamweleza mlango wangu. Nilidhani nimerahisisha sana. Nikamwambia ni kama pazia la chumbani kwao, jepesi, halina kitu, na bado hakuna mtu anayelipita.

"Pazia halizuii kitu," akasema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Ni watu wanaojizuia."

"Hewa haina adabu," nikamjibu. "Ndiyo maana tunaiwekea moto."

Hapo akainua macho. Mapazia yalikwisha baada ya siku chache, lakini mimi niliendelea kukumbuka madirisha mengine ya mama, mpaka mama akaniuliza kama nyumba yake imegeuka kuwa jahazi la matanga.

Nikamtuma mjomba kwenda kuposa. Mjomba wangu ni mtu wa Kusini, mchonga vinyago pale Mwenge, na katika ukoo wetu hakuna anayejua kuzungumza mbele za watu kama yeye. Kwa kuwa mposaji mwenyewe hakanyagi huko, ilibidi nimfundishe plazma. Nilitumia chupa ya chai. Nikamwonyesha kwamba kati ya kioo cha ndani na cha nje hamna hewa, ndiyo maana chai inalala moto, na ndiyo maana chupa ikivunjika inalia paa, hewa inakimbilia ndani. Sasa chukulia, nikamwambia, chupa hiyo ina tundu, na tundu limezibwa na moto.

Mjomba akafikiri huku akisugua kidole gumba juu ya kinyago alichokuwa amekishika. "Nimekuelewa," akasema. "Unatoboa tundu, halafu unaliziba kwa kitu ambacho hakipo."

"Kipo, mjomba."

"Kinashikika?"

"Hapana."

"Basi niachie mie. Kule sitaki kuonekana nimekunywa."

Aliporudi alisema mambo yamekwenda nusu. Amepokewa vizuri, amekunywa kahawa, uso wa binti hana habari nao maana alikuwa nyuma ya pazia. Kisha baba akauliza kijana anafanya kazi gani. Mjomba, aliyekuwa na somo zima kichwani, aliona watu wazima wanamtazama, akalifupisha. Akasema mpwa wake ni bawabu.

Diploma yangu yote, jioni zangu zote za baridi, neno moja: bawabu.

Na hapo ndipo alipoharibu zaidi, kwa sababu baba wa binti mwenyewe alikuwa bawabu. Alilinda geti la bandari tangu ujana wake hadi alipostaafu, na alijua hasa bawabu anarudi nyumbani na nini. Aliuliza bawabu gani huyo anavaa viatu vile vilivyopita barazani kwake mara nyingi kuliko mapazia yanavyohitaji. Mjomba, kuokoa jahazi, akaongeza kwamba mlango wenyewe ni wa moto, na moto wenyewe hauna moshi. Shangazi wa binti, anayejua majini waliumbwa kwa moto wa namna hiyo, akavuta ushungi wake na kusoma kitu kimoyomoyo. Kwa hiyo katika kikao kimoja nilikuwa nimetuhumiwa kuuza unga na kufuga majini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amenituhumu uchomeleaji.

Jibu lililoletwa lilikuwa hili: hawakukataa, hawakukubali. Mzee anataka kijana aje mwenyewe, jambo ambalo kwao halijawahi kufanyika, aeleze riziki yake kwa kinywa chake. Akishindwa, asipite tena barazani, hata kama mama yake atajenga nyumba ya vioo.

Nilijiandaa kama mtu wa mtihani. Nilivaa kanzu, lakini viatu sikuvibadilisha, maana sikuona kwa nini nivionee haya. Nilibeba chupa ya chai na sumaku ya spika mbovu niliyoinunua kwa fundi redio wa Tandika, nzito kama kitasa cha msikiti. Mjomba akanisindikiza. Njiani aliniomba jambo moja tu. Nikiulizwa nimeondokaje nchini, niseme nilikwenda masomoni. Nikamwambia hilo nalo si uongo.

Tulikaribishwa sebuleni. Nikatoa shikamoo, nikapewa marahaba ya kupimwa. Pazia la mlango wa ndani lilikuwa jipya, la kijani chenye maua, nami niliijua mishono yake. Chini ya pazia zilionekana kandambili mbili zimetulia.

Nilianza na chupa. Ilikwenda vizuri, kila mtu alikuwa na chupa. Nikaomba ruhusa kusogea kwenye televisheni, ya rangi, ambayo kaka wa binti aliileta kutoka Dubai na ambayo mtaa mzima ulikuwa ukija kuitazama. Nikaeleza kwamba picha ile inachorwa na mwali uleule wa elektroni, ndani ya kioo kisicho na hewa, na kwamba sumaku inaweza kuusukuma mwali bila kuugusa, kama vile tunavyoubana moto wetu. Kisha nikaisogeza sumaku.

Msoma habari akavutika shavu hadi pembeni mwa kioo, akawa wa kijani, kisha wa zambarau. Nakiri hapakuwa na mhadhara bora kuliko ule popote nilipopata kukaa. Nikaiondoa sumaku. Msoma habari akanyooka. Lakini kwenye kona ya kioo likabaki doa la kijani, kubwa kama embe bichi.

Nilimweleza mzee kwa utaratibu kwamba kioo kimeshika usumaku kidogo, na kwamba akiizima na kuiwasha kila siku doa litakuwa linapungua. Lilipungua kweli. Miaka ile yote hakuna timu ya mpira iliyocheza kona ile ya uwanja ikaonekana na rangi zake, ila lilipungua.

Mzee hakuizungumzia televisheni. Alikunja mguu mmoja.

"Nitazame miguuni," akasema.

Nikamtazama. Kandambili, moja imeungwa kwa waya.

"Mie ni bawabu. Nimestaafu na hizi. Sasa jitazame wewe."

Nikamweleza kwamba kazi yangu haikuwa ubawabu hasa, kwamba kule mtu hulipwa kwa ujuzi, kwamba katika chuo chetu hapakuwa na mwingine aliyeweza kuziba uvujaji wa pampu kwa kusikiliza tu. Nilisema mengi, yote ya kweli. Aliniacha nimalize.

"Ulitokaje nchini?"

Mjomba akakohoa. Neno masomoni lilikuwa tayari ulimini. Lakini mimi nilikuwa nimechoka kuwekwa kundi moja na watu wa unga, na isitoshe kutoka kwangu kulikuwa jambo nililolionea fahari kuliko diploma yenyewe.

"Nilizamia meli, mzee."

"Ukapitia wapi?"

"Getini."

Mjomba akaacha kukohoa, akafumba macho.

"Geti lipi?"

Nikalitaja. Nikamweleza nilivyojipanga na makuli alfajiri, gunia la korosho begani, uso nimeufunika kwa upande wa gunia, jasho linanitoka kabla kazi haijaanza.

"Aliyekuwa zamu alikwambia nini?"

"Aliniambia nitembee upesi, nazuia njia."

Zile kandambili chini ya pazia hazikusogea. Mzee alitazama kona ya televisheni, pale penye kijani.

"Hayo maneno ni yangu," akasema. "Niliwaambia hivyo wote."

Nikaishika chupa yangu ya chai kwa mikono miwili.

"Geti lile lilikuwa na chuma," akaendelea. "Likawa na askari. Nikawepo na mie. Ukapita na gunia. Na huo mlango wako hauna ubao, hauna chuma, haupitwi?"

"Hewa haipiti, mzee."

"Na wewe?"

"Mie ningeungua."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayelinganisha mishahara. Kisha akamgeukia mjomba, mimi akaniacha kama sipo.

"Muuza unga angeniambia ameleta magari. Huyu kaniharibia televisheni, halafu kaniambia geti langu alilipita nikimhimiza. Mwongo hawezi kuwa mjinga hivi."

Mjomba akamshukuru. Mimi pia neno lile nimelihesabu kuwa sifa, nami nalisimulia kila ninapopata nafasi.

Mahari alitaja binti mwenyewe, kama ilivyo haki yake. Shangazi aliingia nyuma ya pazia, wakanong'ona kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko safari ya meli, akatoka amebana midomo. Tulikuwa tumejiandaa kwa kitanda, kwa dhahabu, kwa cherehani mpya ya umeme. Akasema binti anataka geti.

"Geti la nini?" mjomba akauliza.

"La hapa kwa baba yake. La chuma. Na asinunue. Alichomelee mwenyewe kwa mkono wake."

Nyumba ile ilikuwa na ua wa makuti tu, na wezi wa miaka ile walikuwa wameshajua kila upenyo wa Mtoni. Lakini mimi nilijua hakutaka geti kwa ajili ya wezi. Alitaka baba yake aone mkono wangu unafanya nini.

Nilikodi mashine ya kuchomelea kwa mafundi wa Tandika, moja ya zile zinazosukwa mtaani kwa nyaya za shaba, inayonguruma kama ina kinyongo. Umeme ulikuwa wa mgao, kwa hiyo nilichomelea ulipopatikana na kupiga msasa ulipokatika. Mafundi walikuwa wakija kumtazama mtu wa diploma akichuchumaa mchangani. Niliwaeleza kwamba ule mwanga unaoruka kati ya fimbo na chuma nao ni plazma, ndugu wa damu wa mlango wangu, na kwamba wameishika mikononi tangu siku walipoanza kazi bila kulijua jina lake. Mmoja akaniuliza kama kulijua jina kunapunguza bei ya fimbo za kuchomelea. Nilimwonyesha mshono wangu, akapitisha kidole, akanyamaza. Hilo nalo ni jibu.

Nilitengeneza geti refu kuliko nilivyoagizwa. Juu niliweka ncha nikazinoa moja moja. Komeo lilikuwa la ndani, zito, na halikuwa na nafasi ya kuingiza hata kijiti. Nililipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kisha ya kijani, ili lifanane na pazia na, akasema mjomba, na televisheni.

Siku ya kulikabidhi mzee alitoka na kanzu safi. Alilizunguka, akalitikisa, akaligonga kwa ufunguo, akasikiliza. Akaniambia nitoke nje nimwonyeshe linavyoonekana kutoka barabarani. Nikatoka, nikarudi nyuma hatua kadhaa ili nilione vizuri, maana lilikuwa geti zuri.

Nikasikia komeo likiingia.

"Haya," sauti ya mzee ikasema upande wa pili. "Pita."

Majirani walikuwa wameshasimama. Nililitazama lote, kutoka chini hadi zile ncha, nikitafuta kasoro katika kazi yangu, na sikuiona hata moja. Nikaweka sawa kofia, nikasogea karibu.

"Hodi," nikasema.

Mzee alichelewa makusudi, kama mtu anayefurahia zamu yake.

"Nani?"