Maji Tuliyowafungulia Bata

Juzi sokoni mama mmoja alimwagia bata maji ya moto ili amnyonyoe, na ile harufu ya manyoya yaliyolowa ikanisimamisha katikati ya njia. Aliniuliza kama nanunua. Nikatikisa kichwa. Tata, baba yangu mzazi, tumemzika majuzi tu, na kwangu harufu hiyo ni yake.

Nilikuwa msichana mdogo, huko kwetu nje ya mji wa migodi wa Kolwezi. Mama alikuwa amemzaa mdogo wangu, na maziwa hayakutoka. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Nyanya akasema mama anywe supu ya bata wa porini. Tata akaacha kwanza kazi yake ya kuosha madini, akanichukua twende kutega.

Ilikuwa miezi ya baridi, ile ambayo asubuhi majani ya bondeni huganda yakawa meupe na vidole vinakataa kukunjika. Bwawa letu lilikuwa limefunikwa na magugu yanayoelea, na bata hatui mahali asipoona maji. Tulifunga matete kwenye kamba kama ufagio mrefu. Tata alishika ng'ambo ile, mimi ng'ambo hii, tukavuta. Maji yakafunguka, meusi, yakitoa mvuke. Usiku upepo ukayafunga tena, na asubuhi tukaanza upya. Miguu yangu nilikuwa siisikii.

Jambo lililonichanganya ni hili. Karibu kabisa na pale palikuwa na bwawa jingine, wanakooshea madini, wazi, bila jani hata moja. Na bata walitua huko, wanene, wametulia.

"Tata, bale bata beko pale!" nilinong'ona. "Tutege kule."

Tata akaokota jiwe, akawarushia. Wakaruka wote.

"Tata! Juu ya nini unabafukuza?"

"Pale hapana."

"Lakini mutoto eko nalia ku nyumba!"

"Mi najua eko nalia. Vuta kamba. Kama mudomo yako ingekuwa mukono, tungekuwa tumemaliza zamani."

Nilivuta huku machozi ya hasira yakinitoka. Nilidhani baridi imemwingia kichwani, au labda hampendi yule mtoto. Sikujua niamini lipi.

Mwishowe bata wawili walitua kwetu, na mmoja akaingiza shingo kwenye kitanzi tulichotega. Tata alimmwagia maji ya moto akamnyonyoa mwenyewe, na mama alikunywa supu yote. Siku iliyofuata nyumba ilikuwa kimya hata nikaogopa, nikakimbilia ndani. Mtoto alikuwa ananyonya.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwa nini jani halikuota katika maji yale ya kuoshea: yalikuwa na sumu ya madini. Tata hakutaka kitu chochote cha kule kifike kwenye maziwa ya mtoto. Alijua kiasi gani, siwezi kusema. Hakunieleza, nami sikumuuliza, na sasa hakuna wa kuuliza.

Lakini kuna jambo moja bado linanivuruga. Mtoto aliposhiba, tata alirudi kazini. Mchana nilimpelekea bukari, ugali wetu. Nilimkuta ndani ya bwawa lile lile, maji yamemfika kiunoni, akitikisa chujio la madini. Nikashuka mbio kumfikia. Akaniinulia mkono na kunikaripia:

"Wee, usikaribie! Weka chakula pale juu. Mi nakuya."

Niliweka sahani juu ya udongo nikarudi nyumbani nikilia. Nilidhani hanitaki.