Kibuyu Chenye Mshono

Wadachi, yaani Wajerumani, ndio waliotawala, na boma lao lilikuwa Mpwapwa, lakini kijiji chetu cha misheni kilikuwa cha Kiingereza. Padri na mkewe walikipanga kama kijiji walikozaliwa: nyumba za pembe nne kwenye mstari, kanisa katikati, kengele, baraza la wazee wa kanisa, na uwanja wa majani mabichi ambao ng'ombe walikatazwa kuukanyaga. Huo uwanja watu walitoka mbali kuja kuutazama, wakacheka, wakarudi kwao.

Wazazi wetu walipofariki, mimi binti mkubwa niliacha shule ili niwalimie wadogo zangu wawili. Baba mkubwa akaja kutoka Chamwino kutugawa: wa kiume akamchungie ng'ombe, wa kike aende kwa shangazi, mimi niolewe. Nikamwomba atuache mpaka mavuno. Akakubali, ila akasema nyumba isiyo na mtu mzima haidumu.

Mavuno yalipokaribia, mke wa padri alitangaza desturi nyingine ya kwao. Kila nyumba ilete kanisani kitu bora ilichovuna, na kinachoshinda vyote kipewe zawadi. Wanawake tukaelewa kwa namna yetu: kitu bora cha shamba la mwanamke ni kibuyu cha maziwa. Lakini kibuyu kibichi cha nini? Tulivikausha, tukatoa mbegu, tukavifukiza moshi mpaka vikawa tayari kwa maziwa. Changu kilitokana na mbegu za mama, kikubwa kama mtungi.

Siku chache kabla, mdogo wangu wa kike alikiangusha kikapasuka ubavuni. Alilia kuliko mimi. Nikatoboa matundu kando ya ufa, nikashona kwa kano za ng'ombe kama mama alivyokuwa akishona, nikaziba kwa nta.

Siku yenyewe mke wa padri aliingia akitarajia maboga na mahindi, akakuta safu ya vibuyu vinavyonukia moshi. Alicheka mpaka akakaa kwenye benchi. Basi, akasema, tutavipima kwa maji. Alipoona mshono wangu, akakiweka changu pembeni. Jirani yetu, mama mwenye ulimi, akauliza tangu lini kiraka kikawa aibu, na nusu ya watoto wa shule ya misheni wamekalia viraka vya nguo zao. Kanisa zima likacheka. Kibuyu kikarudishwa safuni, kikajazwa hadi shingoni. Halikutoka hata tone.

Baba mkubwa, ambaye alikuwa amekuja kutuchukua, alisimama mlangoni kwa kuwa hakuwa Mkristo. Sasa akaingia, akapitisha kidole juu ya mshono.

“Nani ameshona?”

“Mimi, baba.”

“Mama yako alikufundisha?”

“Nilikuwa namtazama tu.”

Zawadi, kitambaa chekundu, aliipata yule jirani, ambaye kibuyu chake kilipokea maji mengi kuliko vyote, akajifunga kichwani palepale. Baba mkubwa alikula ugali na mlenda wangu, akalala kwetu, asubuhi akaondoka peke yake. Aliporudi alikuwa akiswaga ng'ombe mwenye ndama. Angebaki mali yake, kama ilivyo desturi yetu, lakini kumtunza na kumkamua ni sisi.

“Kibuyu cha mama yenu hakikai kitupu,” alisema.

Wiki haikuisha, baraza la wazee likatuita. Ng'ombe wetu alikuwa wa kwanza kuuonja ule uwanja wa Waingereza. Tuliomba radhi kwa adabu zote. Jioni ile kibuyu kilijaa maziwa mpaka kwenye mshono, na kupita.